Mkono wa Bati

Kwetu mdogo hajengi boma kabla ya mkubwa wake. Hii si sheria ya serikali, kwa hiyo haina mahali pa kukatia rufaa. Mkubwa akichelewa, wote walio nyuma yake wanasubiri, na ndivyo baba yangu Onditi alivyokuwa baba wa watoto wanne akiwa bado anaishi katika kibanda cha ujana, karibu na lango la boma la babu. Kibanda hicho huitwa simba. Ukiishi ndani yake na mke na watoto wanne, unajifunza kunyamaza kama paka.

Aliyetuzibia njia alikuwa Baba Mkubwa Ogola, kaka yake baba. Yeye alikuwa Nakuru, akitengeneza masikio ya magari ya Wazungu.

Acha nieleze masikio hayo, maana hata mimi nilicheka niliposikia mara ya kwanza. Miaka ile ya hamsini, walowezi wenye mashamba Subukia, Njoro na Naivasha walikuwa na magari mafupi yasiyo na paa. Siku za sikukuu waliyapeleka kukimbizana uwanjani, upande wa Gilgil, wakizunguka mahali pamoja mpaka jioni. Breki za magari hayo zilifungwa ndani ya ngoma za chuma. Ukizikanyaga mara nyingi, ngoma zinapata moto, na ngoma ikishapata moto breki zinalegea. Mzungu anakanyaga, gari linaendelea na safari zake. Dawa yake ilikuwa upepo. Ogola alikuwa anakata bati la alumini, la mabaki ya ndege za vita, analikunja liwe na mdomo mpana mbele na shingo nyembamba nyuma, kisha analifunga nyuma ya gurudumu ili upepo uingie kwenye ngoma uipoze. Hilo ndilo sikio. Gari moja lilihitaji mawili ya mbele, na hakuna gari lililofanana na jingine.

Gereji ilikuwa ya Kartar Singh, karibu na maduka ya Wahindi. Wateja walijua kuwa masikio ya kwake hayana mfano, hata wengine walileta magari kutoka Nairobi. Lakini Singh mwenyewe hakujua yanavyotengenezwa. Ogola hakutumia rula wala karatasi. Alipima kwa mkono wake. Mdomo wa sikio ulikuwa shubiri yake, kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, na shingo ilikuwa vidole vyake vitatu. Mkunjo wa katikati, ambao ndio kazi yote, ulifuata tako la kidole gumba anapokunja kiganja. Akifika kwenye mkunjo huo alikuwa anafunga mlango.

Hakuwa na uchoyo wa kuzaliwa nao. Alipokuwa kijana kwenye karakana ya reli, mzee aliyemfundisha kuchoma bati alimfundisha pia mtu mwingine, kila kitu, kwa moyo mweupe. Yule mtu alipojua, mzee akafukuzwa. Ogola aliweka jambo hilo moyoni. Alizoea kusema kuwa fundi anayemaliza kufundisha amejimaliza mwenyewe, na ndiyo maana kwa miaka yote Nakuru hakuna mtu aliyeona mkunjo ule ukifanyika. Alidhani amejijengea ukuta wa kumlinda. Ukuta, kama tunavyojua sisi tuliolipia, hauulizi nani yuko ndani.

Ikaja Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Wagikuyu wakakusanywa na kurudishwa kwao, na kati yao alikuwemo Karuga, fundi mwingine wa bati pale gereji. Alichukuliwa akiwa na nyundo mkononi. Ogola akabaki peke yake. Kuanzia hapo Singh alimpenda kupita kiasi. Alimpa chumba nyuma ya gereji, akamnunulia blanketi, akamletea chapati siku za sikukuu zake, na kipande chake, kile cheti cha kazi ambacho Mwafrika alilazimika kutembea nacho, akakifungia kabatini. Kuondoka bila kipande kutiwa sahihi kulikuwa kutoroka, na mtoro wakati ule hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo kituoni. Kila Krismasi na kila Pasaka kulikuwa na mashindano, basi kila Krismasi na kila Pasaka Ogola alikuwa amelala chini ya gari. Akiruhusiwa, ni siku mbili tatu, nazo zinaishia kwenye treni.

Siku mbili tatu haziwezi kuanzisha boma. Kwetu mtu anatoka alfajiri na jogoo na shoka, mkewe nyuma na moto, na baba yake mwenyewe anatangulia kuwaonyesha mahali. Nyumba inasimama siku hiyohiyo. Kisha mwenye nyumba anakaa humo, halali penginepo, mpaka boma limzoee. Kwa hiyo mkewe, mama yangu mkubwa Awuor, aliendelea kupika katika jiko la mama mkwe, akiambiwa chumvi imezidi, chumvi imepungua, mwanamke mzima mwenye watoto wakubwa.

Kisha babu akaugua. Macho yalikuwa yameshaanza kufifia, sasa na kifua kikakaza. Hakuwa na ndugu wa kiume aliye hai wa kusimama mahali pake. Akifa kabla ya kumwonyesha Ogola mahali pa kujenga, mambo yetu yangekuwa mzigo wa kutafutiwa wazee wa mbali na mbuzi wa kutakasa, na pengine sisi tungezeekea simba. Baba akapanda treni kwenda Nakuru.

Alimkuta kaka yake akiwa ameshika sikio mdomoni, akipuliza na kusikiliza. Ndivyo alivyokuwa anajaribu shingo. Baba aliniambia kwamba hakukaa hata chini. Alimweleza hali ya mzee, na Ogola akaanza kueleza habari za gari la Mzungu wa Subukia ambalo lazima liwe tayari kwa mashindano. Hapo baba akakasirika.

"Kaka, mimi nimekungoja. Mke wangu amekungoja. Mzee ndiye hawezi tena," alisema. "Ukikataa kuja, niambie usoni pangu kwamba nijenge nikuruke, kama mtu aliyekufa."

Ogola aliweka sikio chini. Kumruka kaka aliye hai ni kumchimbia kaburi, na wote wawili walijua hivyo. Baba anasema ndiyo mara ya kwanza kumwona kaka yake akilia, naye alilia kwa hasira, akiangalia vidole vyake mwenyewe.

Jioni hiyo alikwenda kwa Singh kuomba mwezi mmoja. Singh hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kusikitika kwa urahisi, na alisikitika kweli kusikia kuhusu mzee.

"Mimi iko na baba pia," akasema. "Lakini wewe nakwenda, nani nafanya sikio? Wewe fundisha mutu. Yeye najua, wewe nakwenda hata leo."

Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, na ufunguo wake ulikuwa kitu kilekile alichoapa kutompa mtu. Usiku ule kaka hawa wawili walilala kitanda kimoja na hakuna aliyesinzia.

Mtu aliyepewa siri hiyo ni Wasike, Mbukusu mkubwa wa mwili kutoka upande wa Kimilili, aliyekuwa anapaka rangi gereji hapohapo. Ogola alimwita ndani, akafunga mlango wakiwa wawili kwa mara ya kwanza, akamwonyesha kila kitu. Hakuficha. Shubiri moja, vidole vitatu, tako la gumba. Wasike akafuata neno kwa neno, akatoa masikio mazuri ya kutazama. Yakafungwa kwenye gari la Subukia. Mwenye gari akalijaribu kwenye mteremko wa nyumbani kwake, akarudi uso mwekundu na ngoma zinanuka kama nyama iliyoungua, akadai karibu aingie mtoni na gari lake.

Kosa halikuwa la Wasike. Mkono wake ulikuwa sinia. Shubiri yake ilipita ya Ogola kwa mbali, na vidole vyake vitatu vilikuwa vinne vya mwenzake. Mdomo ulikuwa umepanuka, shingo imepanuka, upepo ukawa unaingia na kutoka bila kazi kama mgeni asiyekaribishwa. Wakajaribu tena na kukisia kupunguza, ikawa vibaya zaidi. Ogola alijua kufundisha maneno. Kipimo chenyewe hakikuwa cha maneno, kilikuwa nyama na mifupa yake, na yeye aliona sasa kwamba hata akitaka kufungua hawezi.

Baba ndiye aliyelisema, tena kwa kejeli. Alikuwa amekaa mlangoni juu ya debe, siku zinakwisha, hana habari kama babu bado anapumua. Akamwambia kaka yake kwamba basi aukate mkono huo auache Nakuru, yeye atasafiri na kilichobaki.

Ogola aliinuka. Kisha akachukua bati, akalilaza mezani, akapanua kiganja juu yake mpaka vidole vikaumia. Akamwambia Wasike achore kwa msumari kuzunguka, taratibu, asiruke hata kona. Wakakata. Wakaukunja mkono ule wa bati kwenye gumba, Ogola akiweka gumba lake ndani yake mara kwa mara mpaka ukakaa sawa. Kisha Wasike akatengeneza sikio kwa kupima na mkono wa bati, na Ogola akatoka nje, akakaa na baba kwenye debe. Waliposikia Wasike akipuliza shingo ndani, Ogola alijua kwa sauti tu kwamba limetoka.

Mzungu wa Subukia alirudi akicheka. Singh akautundika mkono ule kwenye msumari juu ya meza, akautazama sana. Akatoa kipande kabatini, akakitia sahihi. Ogola alipokisoma, alikuta hakikuandikwa likizo. Kiliandikwa kwamba kazi imekwisha. Singh alimkumbatia kwa huzuni ya kweli, akamwambia chumba cha nyuma atapewa Wasike.

Walifika nyumbani babu akiwa hai, lakini macho yamefungika kabisa. Alfajiri alitangulia akiwa ameshikwa bega, jogoo nyuma yake, shoka, moto. Akamshika Ogola mkono, akaupapasa kidole baada ya kidole, akaulaza juu ya ardhi na kusema hapa. Kabla ya mavuno alikuwa amefariki. Mwaka uliofuata baba yangu alijenga, na tukatoka simba tukipiga kelele tunavyotaka.

Ogola hakupata tena kazi ya bati. Alilima, vibaya, akipima matuta kwa shubiri.

Wasike alikuja kututembelea nikiwa nimeshaanza shule. Singh alikuwa amegundua kuwa ukiwa na mkono wa bati huhitaji fundi, unahitaji mtu yeyote, na mtu yeyote ana mshahara mdogo. Wasike akaambiwa aondoke. Akaondoka, na siku hiyo msumari juu ya meza ukabaki mtupu. Sasa alifungua kitambaa alichokuja nacho, akauweka mkono ule mbele ya Baba Mkubwa.

Ogola aliweka kiganja chake juu yake. Jembe lilikuwa limekivimbisha viungo na kukipinda. Akajaribu kunyoosha vidole, akajaribu tena, havikulingana na bati hata mahali pamoja.

Awuor alikuwa amesimama na chai.

"Mkono huo umenikalisha jikoni kwa mama mkwe ujana wangu wote," alisema. "Hautalala nyumbani kwangu."

Ogola hakubisha. Aliuchukua akaenda kuupigilia msumari langoni, kwa nje, kisha akarudi kunywa chai na mgeni wake.