Siku Madirisha Yetu Yalipotoka Jasho

Jamani, aibu niliyoipata Saint Louis Park miaka ile ya tisini sijaizika mpaka leo, na nikikutana dukani na mtu tuliyeishi naye jengo moja huwa najifanya nasoma maandishi ya kwenye pakiti ya mchele mpaka apite.

Nilikuwa nimetoka Tanga kuja kusoma uuguzi, nikapanga nyumba pamoja na Wanjiru, Mkenya wa Nyeri aliyefanya kazi kwenye makao ya wazee, na baridi ya Minnesota alishaizoea kiasi cha kutoka kutupa taka kichwa wazi. Mimi baridi yenyewe nilijikaza nayo. Kilichonimaliza ni ukavu. Lile joto la mashine ndani ya nyumba lilinipasua midomo, ngozi ikawa kama ya kenge, na nikilala naota ule unyevu wa kwetu, ule wa kuamka ukakuta chumvi imeshikana bakulini na shuka imekuwa nzito kidogo mwilini.

Basi nikaamua kujitengenezea Tanga yangu. Nikawa nabandika sufuria la maji jikoni, nayaacha yachemke tu, hayana kazi yoyote, na nguo nikifua naanika sebuleni. Madirisha yakaanza kutoka jasho. Asubuhi maji yanatiririka kwenye vioo, yakifika chini yanaganda barafu, na pembeni ikaanza kuota kuvu nyeusi. Wanjiru akaniambia kwa upole, na si mara moja, "Mwanaidi, ukipika washa hiyo feni ya jiko, na uache pazia wazi ndio heat ifike kwa kioo. Hizo nguo peleka kwa dryer huko chini zikauke. Hii nyumba inalia, dada." Namwitikia vizuri, akishatoka kwenda kazini nabandika sufuria langu.

Sasa nikasikia Mama Saumu amekuja kumtembelea mwanawe Hamza, anayekaa Eagan. Mama Saumu ni jirani yetu Ngamiani, mlango wake na wa mama yangu inatazamana, na kabla hajapanda ndege alipita kwetu kuaga. Hebu fikirini, mtu aliyemwona mama yangu kwa macho yake, juzijuzi tu, yuko mwendo mfupi wa gari kutoka kwangu, na mimi mama yangu sijamtia machoni tangu niondoke. Nikampigia Hamza simu, nikamsihi amlete Jumapili mchana.

Nilitaka akiingia aone kafika nyumbani. Wanjiru yuko kazini, nami nikabandika wali wa nazi, maharage, mchuzi wa samaki, na lile sufuria la maji la kusindikiza, vyote vinafuka kwa pamoja. Feni sikuiwasha, maana ina kelele na mimi nimeweka kanda ya taarabu. Mapazia nikayafunga (hapa ndipo nawaomba msinicheke) ili mgeni asione vioo vinavyotiririka. Halafu nikaenda kuoga maji ya moto, mlango wa bafu nimeuacha wazi ili nisikie simu.

Natoka na kanga zangu mbili, sebule siioni kwa mvuke, na king'ora cha moshi kinalia. Nikakimbilia dirisha. Kuvuta pazia, kumbe limegandia kwenye kioo, nikalivuta kwa nguvu likashuka na fimbo yake, na dirisha lenyewe barafu imelishika kama limepigwa misumari. Nikaona busara ni kufungua mlango wa koridoni mvuke upungue. Ukatoka kweli, ukaenda moja kwa moja kwenye king'ora cha koridoni, na hicho sasa ndicho cha jengo zima.

Muda si muda watu wote wako nje kwenye theluji, wazee na mikongojo yao, mama na kichanga ndani ya blanketi, kijana mmoja kamkumbatia paka. Mimi nina kanga, koti la Wanjiru na ndala, nywele mbichi zinaganda kichwani. Zimamoto wakaja, wakapanda na mashoka, wakashuka taratibu, na mmoja akauliza mbele ya kadamnasi nyumba yenye masufuria ni ya nani. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Akataka kujua nilikuwa napika nini kwenye lile sufuria kubwa.

"Maji," nikamjibu.

Akanitazama, kisha akanieleza polepole yaleyale ya Wanjiru, feni, pazia, dirisha, na majirani wote wanasikiliza.

Hapo ndipo gari la Hamza likaingia. Mama Saumu akashuka na baibui lake, koti la mwanawe juu linamfika miguuni, akapita katikati ya wale watu wote akaja mpaka niliposimama. Nilikuwa najitayarisha kuomba radhi, lakini hakuniuliza kitu. Alinikumbatia, akanishikilia, ndipo akasema, "Mama yako kaniagiza nikikuona nikushike hivi, na nisikuachie upesi."

Ushungi wake ulinukia udi. Nikalia kwa sauti mbele ya jengo zima, na wao wakadhani nalilia vitu vilivyoungua.

Wali ulikuwa umeshika chini, tukaula hivyohivyo, tumevaa makoti kwa sababu zimamoto waliyaacha madirisha wazi. Mama Saumu akanipa habari zote, goti la mama linavyomsumbua, alivyopaka chumba changu rangi, anavyouliza kila mgeni kama huku kuna watu wa kunipikia uji nikiugua. Nikawa namrudisha nyuma, nikitaka yaleyale ayaseme tena.

Kesho yake nilizunguka mlango kwa mlango kuomba msamaha, kazi ambayo simwombei hata adui. Na tangu siku hiyo maji yasiyo na kazi siyachemshi, nguo sianiki ndani, feni inanguruma na mapazia yako wazi, vioo vikavu, midomo napaka mafuta kama watu wengine. Ila baridi ikizidi huwa napiga simu Tanga, nauliza tu leo kuna joto kiasi gani, nao wanaanza kulalamika, jasho, mbu, hakulaliki, nami nawaacha walalamike mpaka kadi ya simu iishe.