Cherehani ya Mama

Mtaani walimwita Makelele, naye hakununa. Mtu anagonga masufuria na mabomba ya maji, halafu anasema huo ni muziki, alitaka aitweje? Akipiga ukumbini, watu walitoka mmoja mmoja, wakiinama kwa adabu kama waliochelewa msibani. Aliishi chumba cha nyuma ya saluni ya dada yake, akila jasho la dada yake.

Alikuwa na kitu kimoja tu cha thamani: sauti ya cherehani ya marehemu mama yao, aliyoirekodi kabla mama hajaanza kuugua. Mashine inakwenda, inakwama, inakwenda tena, na kwa chinichini mama anaimba mdomo kaufumba. Haikuwa na nakala. Makelele alishikilia kwamba sauti ikishakuwa mbili, hakuna tena iliyo ya kweli. Upuuzi mtupu, lakini ungemwambia nini? Kichwa chake kilikuwa kigumu kama kinu.

Siku moja dada akaweka kitana chini. "Mdogo wangu, nimechoka kukubeba. Tunga kitu watu wakicheze, hata kimoja."

Makelele akaenda studio shingo upande, kadi ya kinasa sauti yenye ile cherehani mfukoni. Fundi mitambo akasikiliza, akaanza kutikisa kichwa, kisha mabega. Akawaita wenzake, nao wakacheza. Maishani mwake Makelele hakuwahi kuona mtu akicheza kitu chake. Moyo ukamjaa, akacheka kama mtoto.

"Mdundo mtamu, kaka," fundi akasema. "Ila kuna makelele hapa nyuma, kama mtu anaguna. Niyatoe?"

Angeweza kusema kwamba yule ni mama. Aliona haya, aliogopa wataacha kucheza.

"Toa," akasema.

Fundi akasafisha, akahifadhi palepale kwenye kadi, juu ya ile ya zamani. Alidhani ipo nyingine nyumbani. Nani asiye na nakala?

Makelele aligundua akiwa kitandani, vipokea sauti masikioni. Cherehani ilikwenda safi, haikukwama hata mara moja. Alirudia mpaka betri ikazima. Akakimbilia studio, fundi akapekua kompyuta nzima, akamwomba radhi. Hakukuwa na kitu.

Wimbo ukapendwa. Redio ya saluni ikaupiga, wateja wakacheza na sabuni kichwani, na dada akawaringia: "Huyo ni mdogo wangu!" Ulipoisha alimfuata chumbani, macho yakimlengalenga.

"Umeweza, baba. Ila mbona hawakumwacha mama aimbe? Niwekee ile ya kwako, nimsikie kidogo tu."

Makelele alikitazama kinasa sauti mezani.

"Kinasa hakina chaji, dada."

"Basi kesho," dada akasema, akarudi kwa wateja wake.