Maji ya Imana na Vifungo Thelathini na Viwili

Mimi ni mtu wa nyumbani. Niliseme hili mapema ili msomaji asikae anangojea shujaa. Mwaka ule wa hamsini na tisa nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimesoma sekondari miaka mitatu kwa mapadri, mpaka wao na mimi tukachokana, na kazi yangu ilikuwa kushona. Mashini yangu ilikaa barazani kwetu Birere, mtaa wa Goma ulio karibu kabisa na mpaka wa Rwanda, na mimi nilikaa nyuma yake. Wasafiri niliwaona wakipita. Ilinitosha.

Siku ile ya kwanza ya juma, yaani Jumatatu, ilianza kama nyingine zote. Mvua ilikuwa imekatika, mawe meusi ya volkano yanafuka mvuke, mama yuko ndani anachambua maharage. Nilikuwa na gauni la harusi la binti wa karani mmoja. Alitaka vifungo mgongoni, vidogo kama punje za mtama, thelathini na viwili, kila kimoja kivikwe kitambaa kwa mkono. Ungevihesabu ungedhani anafungwa asitoroke.

Jioni mama alifanya alichofanya kila siku. Alichukua kachungu kadogo, akamimina maji safi, akakaweka juu ya ubao chini ya picha ya Bikira Maria. Hayo yalikuwa maji ya Imana. Imana ndilo jina la Mungu kwa Kinyarwanda, na wazee wetu walisema kwamba yeye hufinyanga mtoto tumboni kama mfinyanzi anavyofinyanga chungu. Sasa mfinyanzi gani anafinyanga bila maji? Ndiyo maana mwanamke anayetaka kuzaa hawezi kulala bila kumwachia maji ndani ya nyumba. Padri alikuwa amemkataza mama mara mbili. Mama alimsikiliza kwa heshima, akahamishia kachungu chini ya Bikira Maria.

Maji ya Goma hutoka ziwani, na mtekaji nilikuwa mimi. Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kusema.

"Mama, una miaka sitini. Unataka kunizalia mudogo wangu?"

"Ni ya Verediyana."

"Verediyana yuko ngambo, mwendo wa saa tatu. Na ninyi wenyewe munasema Imana anashinda kwingine, jioni anarudi kulala Rwanda. Sasa tunamutekea maji huku Kongo ya nini?"

"Njia yake inapita hapa," mama alisema, hata hakunitazama. "Na wewe ungekuwa na tabia ya Imana, leo jioni ungekuwa umerudi na dada yako."

Hapo alinipata.

Verediyana alikuwa mdogo wangu wa pekee. Alikuwa ameolewa na Kabera, mkulima mpole wa milima iliyo juu ya Gisenyi, mtu anayecheka kabla hujamaliza mzaha. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa nane, na wote wawili walikubali ajifungulie kwa masista wa Goma. Ila kwetu mke hatoki kwa mume wake kama mwizi wa kuku. Anakuja kuchukuliwa na mwanamume wa kwao, ambaye anakaa, anapewa kinywaji, anaomba ruhusa, ndipo wanaondoka. Baba alikuwa amekufa. Mwanamume wa kwao alikuwa mimi. Kabera alikuwa ametuma neno: mzigo umefungwa, Bonifasi aje siku yoyote.

Mtu kama mimi usimwambie siku yoyote.

"Mutoto wangu, utaenda lini?"

"Nikimaliza vifungo, mama. Harusi ni siku ya posho. Siku ya kwanza inayofuata, alfajiri, niko njiani."

Niseme kweli, kwa kuwa wanaoweza kuaibika kwa ajili yangu wameshakufa. Vifungo vilihitaji siku mbili. Siku zilizobaki zilikuwa za matope ya njiani, na kitanda cha watu, na shemeji anayekuamsha mapema akuonyeshe migomba yake.

Siku ya posho ikafika, yaani Jumamosi, na harusi ilikuwa nzuri. Bibi harusi alipopita na vifungo vyake vyote, wanawake walipiga vigelegele, na jirani yetu Muzee Ramazani, muuza vitambaa aliyetoka Maniema, alinigonga bega: "Bonifasi, mutu asiyetoka nyumbani anawezaje kujua mugongo wa mwanamuke vizuri namna hii?" Nilicheka mpaka nikamwaga kinywaji. Nilicheza pia, jambo ambalo mama alilisimulia miaka mingi kama muujiza. Nakumbuka nilimshukuru Mungu kwa sauti, mkono juu. Siku ya furaha kumwona ni rahisi.

Alasiri mtu mmoja alionyesha milima ya ng'ambo. Kulikuwa na moshi, sehemu tatu, kisha tano.

"Wanachoma mashamba," alisema karani.

Muzee Ramazani alitazama kwa muda mrefu. "Katika mvua hii? Nani anachoma shamba katika mvua?"

Ngoma iliendelea kidogo, halafu ikaacha.

Siku ya Mungu, tulipotoka misa, barabara ya mpakani ilikuwa imejaa watu. Walikuja na mikeka, na vikapu, na ng'ombe waliokuwa wanateleza juu ya mawe yetu meusi wasijue pa kukanyaga. Mzee mmoja alikuwa amebeba mlango wa nyumba yake kichwani. Mlango tu. Wenyewe waliita mambo yale muyaga, yaani upepo, na waliyaeleza kama mtu anavyoeleza upepo. Umepita kwa fulani. Haujafika kwa fulani. Majirani waliwachomea majirani nyumba, kisha wengine wakaja kulipiza kisasi, na kwenye mlima mmoja usingejua moto huu ni wa nani.

Mama aliweka chungu kikubwa barazani, karibu na mashini yangu, akawapa watu maji. Nilikwenda ziwani mara tisa siku ile. Kila aliyekunywa mama alimuuliza kwa Kinyarwanda neno lile lile, kama amemwona mke wa Kabera, msichana mwenye mimba kubwa. Walikunywa, wakafuta midomo, wakasema hapana.

Jioni maji yalibaki kidogo chini ya chungu. Mama akayamimina kwenye kachungu, akakaweka kwenye ubao. Sikumtania.

Siku ya kwanza alfajiri nilikuwa njiani. Nilikuwa nimeahidi siku hiyo, na kwa mara ya kwanza maishani nilitimiza ahadi kwa saa yake. Muzee Ramazani alinisindikiza mpaka kwenye kizuizi cha mpaka. "Tangulia na Mungu," alisema. "Lakini funga kamba za viatu."

Nilipanda mlima nikiwa peke yangu. Watu wote walikuwa wanashuka.

Baada ya saa mbili nilifika kwenye kona yenye mikaratusi. Wanaume sita walikuwa wamekaa juu ya gogo. Mikuki, mapanga, mmoja ana rungu.

Walisimama.

"Unatoka wapi?"

"Goma."

"Unakwenda kwa nani?"

Sikujua jina la Kabera lingekuwa zuri au baya kwao.

Mwenye rungu akanyoosha mkono, akashika kitu shingoni mwangu. Ulikuwa utepe wangu wa kupimia. Nilikuwa nimetoka nao nyumbani bila kujua.

"Wewe ni mshonaji?"

"Ndiyo."

Akageuka. Suruali yake ilikuwa imepasuka nyuma, kutoka kiunoni mpaka chini ya paja. "Shona."

Sindano yangu ilikuwa kwenye ukosi wa shati, pale inapokaa siku zote, na uzi wake. Nikapiga magoti njiani nyuma ya mtu yule. Wenzake wakaanza kumcheka, na yeye akawatukana, na rungu lake lilikuwa karibu na sikio langu. Lilikuwa na damu iliyokauka.

Nilishona.

Niliomba pia, lakini sala haikuja. Lilikuja neno moja tu: uko hapa, uko hapa. Sijui kama nilikuwa namwambia Mungu au namuuliza. Nilisema mara moja kwa kila mchomo wa sindano. Ule ndio mshono mbaya kuliko yote niliyowahi kushona, umepinda kama njia ya mbuzi.

Akajipapasa. "Pita," alisema.

Nyumba ya Kabera ilikuwa kuta tu. Paa lilikuwa limeanguka ndani na bado lilikuwa linafuka. Migomba aliyopenda kuonyesha watu ilikuwa imekatwa yote kwa urefu mmoja, kazi ya mtu mwenye subira.

Niliingia. Katika kona palipokuwa kitanda, karibu na ukuta, kachungu kadogo kalikuwa kamesimama. Kalikuwa na maji. Majivu yalikuwa yanaelea juu yake.

Mimi niliyeyacheka maji hayo tangu utoto, nilipuliza majivu pembeni nikayanywa yote. Koo lilikuwa limekauka. Sikufikiri kitu kingine, na singependa kudanganya kwamba nilifikiri.

Bibi mmoja kizee alitokea nyuma ya ua. Aliniambia wale waliobaki hai wamekwenda misheni.

Nilimkuta Verediyana katika darasa la shule ya misheni, ameegemea ukuta chini ya ubao ulioandikwa hesabu za watoto. Tumbo lilikuwa limeshuka. Mikono ilikuwa mitupu.

"Yaya," alisema, kama alivyoniita mimi kaka yake tangu utoto. "Umekuja kunichukua."

Nilikaa chini. Alinieleza taratibu. Tangu siku ile Kabera alipotuma neno, kila asubuhi Verediyana alifunga mzigo akakaa mlangoni, na kila jioni aliufungua. Kabera alikuwa anamtania: kaka yako anatoboa vifungo kwa ulimi. Siku ya posho jioni, moto ulipofika kilima cha jirani, Kabera alisema desturi ingoje, akamshika mkono wakatoka wenyewe. Njiani uchungu ukaanza. Kabera akamlaza kwenye shamba la maharage, akarudi kutafuta mwanamke wa kumsaidia. Hakuonekana tena, siku ile wala siku nyingine. Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kiume. Verediyana aliona hana nguvu, akakinga maji ya mvua yaliyokuwa juu ya jani, akambatiza mwenyewe. Alimpa jina Habimana, maana yake Mungu yupo. Habimana alipumua mpaka jua lilipopanda.

"Alikuwa na vidole vyako," aliniambia. "Virefu, vya uvivu."

Tulishuka naye siku iliyofuata, katika kamyo, lori la misheni, pamoja na wengine. Mama alimpokea mlangoni, akamwosha, akamlaza. Jioni alichukua kachungu, akamimina maji. Nilidhani ataacha. Nilitaka aache.

Baadaye Goma iliona vita vingine, vikubwa kuliko upepo ule, vyenye majina na bunduki nzito, na watoto wa leo wakisikia habari ya rungu na suruali iliyopasuka wanaona ni hadithi ya kuchekesha. Naisimulia hivyo mimi mwenyewe. Lakini nikiipima hasara yangu naipima kwa siku: siku nne kati ya kifungo cha mwisho na alfajiri ile niliyotoka. Sisemi ningemwokoa Kabera. Mtoto wa mwezi wa nane, mikononi mwa masista, kitandani, palipo joto, labda. Neno hilo labda nimeishi nalo kuliko nilivyoishi na mtu yeyote, maana sikuoa.

Verediyana hakuolewa tena. Alikaa nasi, akajifunza kushona, akanishinda. Hakunilaumu. Alinitania tu kila siku, na miaka ikapita kabla sijaelewa kwamba huko ndiko kunisamehe kwake. Kila jioni, baada ya mama kufa, yeye ndiye aliyemimina maji ya Imana, mjane asiyengoja mtoto. Nilimuuliza sababu. Alisema mfinyanzi anatengeneza pia vilivyovunjika.

Na mara moja tu, karibu mwaka baada ya muyaga, nilimuuliza lile lingine. Tulikuwa barazani, yeye anakata kitambaa. Nilisema, "Verediyana, kule kwenye maharage. Imana alikuwa wapi?"

Hakuacha kukata. "Alikuwa pale," alisema. "Nilimuona kabisa, kama ninavyokuona. Wewe ndiye hukukuwa pale."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha nani alikuja harusini na nani hakuja. Kisha akatazama jua, akaona linashuka, akanisogezea ndoo kwa mguu.

"Nenda, Yaya. Jioni inafika, na maji hakuna."

Nilifunga kamba za viatu, nikaenda ziwani. Verediyana sasa amelala kaburini karibu na mama. Mimi ni mzee wa peke yangu katika nyumba moja ya mtaa wa Mabanga, na majirani wananicheka, mzee wa namna ile anamtekea Mungu maji ya kufinyangia mtoto. Wana haki. Lakini kila jioni, kabla giza halijaingia, maji yako kwenye ubao, na mimi niko pale.