Natafuta wimbo wa soul wa baba, jina lake nililikwangua mwenyewe

Wakuu, salaam kwenu nyote. Naandika nilivyoona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina. Shule niliishia darasa la saba, mnivumilie.

Baba alikuwa konstebo, tukikaa kota za polisi Nsambya, Kampala. Ni miaka ile ya sabini, jeshi ndilo serikali.

Wahindi walipofukuzwa na maduka yao kugawiwa watu, baba alikuja nyumbani na gramafoni na santuri kumi na moja. Sisemi aliiba. Sisemi hakuiba. Hatukuuliza.

Moja ilikuwa soul, ya polepole. Mwanaume anaanza kwa kuongea kama anaomba msamaha, kinanda kinaingia nyuma yake, halafu wanawake wanaitikia. Nadhani kuna neno "Sunday", lakini huenda nimelitunga.

Jumapili baada ya misa baba alikuwa anaipiga, mama anajifanya hataki.

"Niache, sufuria inaungua!"

Anacheza.

Halafu tukasikia wanajeshi wanapita kota kwa kota kutafuta mali ya maduka. Santuri zetu zote zilikuwa na muhuri wa duka kwenye ile karatasi ya katikati. Majirani walikuwa na dawa yake: unalowesha karatasi kwa maji ya sabuni, unaikwangua kwa kijiko. Santuri inabaki na sauti, haina mwenyewe.

Mama alinipa mimi kazi hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, sio mtoto sana.

Nikakwangua zote. Jina la wimbo na la mwimbaji yalikuwa kwenye karatasi hiyohiyo, na sikunakili hata moja. Daftari la kumbukumbu nilikuwa nalo! Siku ile niliandika tu: "Nimeosha santuri. Vidole vinawasha."

Wanajeshi walikuja, wakaangalia, wakaenda. Niseme haki, hawakutugusa, na mmoja alimpa mdogo wangu Akello biskuti.

Miezi michache baadaye baba alitoka kwenda kazini Naguru, hakurudi. Nani alimchukua, sijui, kwa hiyo simtaji mtu. Tukakimbilia kijijini kaskazini, santuri zikabaki.

Sasa Akello ameandaa misa ya kumwombea baba, Jumamosi hii. Kaburi hakuna. Picha hakuna.

"Kaka, tutakuwa na nini cha baba pale?" akaniuliza. Anataka wimbo ule.

Nikaenda Katwe, Kampala, kwa fundi redio mmoja Mkongomani, ana nyimbo za zamani nyingi kwenye kompyuta. Nimekaa pale siku tatu. Ukisikiliza nyingi hivyo, kila moja inaanza kufanana na yako. Siku ya tatu akanitazama.

"Muzee, unatafuta wimbo ao unatafuta bibi ya zamani?"

Nilicheka, ingawa nimechoka, wakuu. Nimechoka kweli.

Wimbo mmoja ukanishika. Nikampigia Akello simu, akausikiliza mpaka mwisho.

"Ndio huo, kaka." Akalia.

Shida ni kwamba mimi nadhani sio. Kwenye ule wa baba wanawake waliitikia mapema zaidi. Lakini huenda yeye yuko sawa, masikio yangu siyaamini tena.

Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia sina hakika. Nikamwambia pia nani alikwangua zile karatasi, maana miaka yote alidhani ni baba.



"Tutapiga huo huo," akasema. "Baba mwenyewe hakuwahi kuimba maneno sawasawa hata siku moja. Ila wewe utasimama mbele ya watu, useme jina lilipotelea wapi."

Nimekubali.

Nilichojifunza: hofu ikikulazimisha kufuta jina la kitu, liandike kwanza mahali pengine, hata ukutani.

Anayeutambua wimbo huu kwa maelezo haya mabovu, aandike hapa chini kabla ya Jumamosi. Na anayeona nilikosea kumwambia dada yangu, naye aseme, nitasoma yote.

Wimbo usipopatikana, nitasimama hivyo hivyo.