Mtori wa Mzazi

Mwaka mpya umeanza na mimi nimeahidi kula kwa adabu, kwa hiyo leo nimejipikia mtori usio na mafuta. Harufu ya ndizi mbichi na nyama ilipojaa jikoni, wivu wa zamani ukanipanda kabla hata sijachukua kijiko.

Asubuhi ya mwaka mpya mmoja, nilipokuwa mtoto mdogo kule kijijini kwetu Kirua, mama alikuwa amejifungua siku chache tu zilizopita. Kwetu mzazi hashiki jembe. Hulala ndani, huletewa mtori wenye mafuta mpaka mashavu yajae. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavuni mwa mama, mahali pangu. Mashangazi waliingia na zawadi za mtoto, wakanipita mlangoni kama kigoda.

Nikaviringisha ndizi kwenye kitambaa, nikajifunga kanga, nikajilaza sakafuni karibu na kitanda, bibi alipoingia na chungu cha mtori.

"Shikamoo, bibi. Na mimi nimezaa."

"Marahaba. Umezaa nini tena, wewe?"

"Mtoto wa kiume."

"Mbona amekaa kama ndizi?"

"Amefanana na baba yake."

Mashangazi walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Bibi hakucheka. Alinipakulia bakuli zima, mafuta yanaelea juu.

"Kula, mzazi, maziwa yatoke."

Nilikula lote, kisha nikainua kichwa nione kama mama ananitazama. Alikuwa anacheka, kweli, lakini macho yake yalikuwa kwa yule mwingine, ambaye alikuwa amepiga chafya.