Samaki Walioliwa Kabla ya Kuhesabiwa

Oddlaug Mikalsen huvua peke yake katika boti ya mita nane, na hapa Skarvbukta, kijiji chetu cha ghubani kaskazini, hakuna anayeshangaa, maana amebaki nani wa kuvua naye? Kiwanda cha samaki kilifungwa, shule ikafuata, duka likageuzwa nyumba ya likizo ya daktari wa meno. Tumebaki wazee watano, na Oddlaug, mwenye miaka hamsini na minane, ambaye bado tunamwita msichana.

Kila Ijumaa ya msimu wa chewa, kuanzia Januari mpaka Machi, hutuletea samaki wa chungu. Ni desturi ya tangu enzi za babu zangu: mvuvi akifika gatini, kabla hajapima chochote, huwatenga samaki wake walio bora kwa ajili ya wale wasioweza tena kwenda baharini. Samaki huyo hauzwi, wala hatolewi shukrani, maana ukishukuru unafukuza bahati. Unasema tu, "Umechelewa." Na lazima aje na kichwa kizima. Kichwa ndicho chakula chenyewe. Kilichobaki ni nyama ya kuwapa wageni.

Mwaka wa nne sasa Oddlaug alikuwa na kazi nyingine. Taasisi ya utafiti ya kule Tromsø ilimwajiri achukue kreti moja kila wiki bila kuchagua, apime urefu wa kila samaki, apasue kichwa, atoe mawe mawili madogo ya masikio na kuyatia kwenye bahasha. Huko Tromsø jiwe hukatwa, likawekwa chini ya darubini, wakahesabu miduara yake kama ya mti, mmoja kwa kila mwaka. Wakijua umri wa samaki, wanajua wazazi wangapi wamebaki baharini na ni wangapi wanaweza kuvuliwa bila kuumaliza ukoo.

Mimi nilimcheka. Shule niliiacha na miaka kumi na minne, mengine nikajisomea kwenye vitabu vya ile meli ya maktaba, ambayo nayo siku hizi haiji.

"Baba yangu alikuwa anajua umri wa samaki kwa kumtazama usoni," nilimwambia.

"Na alikuwa anakosea miaka mingapi?"

"Hakuna aliyewahi kumkosoa."

"Ndiyo maana hakukosea, mzee Ingvart."

Basi Ijumaa moja mwanzoni mwa Januari akaingia jikoni kwangu na samaki mkono mmoja, barua mkono wa pili. Samaki nikamtia chunguni. Barua akaisoma kwa sauti wakati nakula. Ilisema kwamba kwa miaka mitatu hakuonekana katika ghuba yetu chewa hata mmoja aliyezidi miaka saba. Wazazi wakubwa wamekwisha. Pendekezo: ghuba ifungwe kwa boti zote, miaka mitano.

"Miaka mitano!" akasema. "Nitauza boti. Nitahamia Oslo kwa binti yangu, ghorofa ya sita, niwe natazama maegesho ya magari."

"Si niliwaambia? Wasomi hao. Eti hakuna samaki wakubwa!" Nikafyonza jicho la samaki.

Oddlaug aliiweka barua mezani. Alikuwa anatazama sahani yangu. Kichwa kile kilikuwa kimeifunika yote, taya zimening'inia nje kama miguu ya mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto.

"Ingvart," akasema polepole, "samaki wakubwa mnawala nyinyi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila wiki, kabla hajaigusa kreti ya taasisi, alikuwa ameshawatenga watano wakubwa kuliko wote kwa ajili yetu, kama alivyofundishwa na mama yake. Kwa miaka mitatu taasisi ilikuwa inapima mabaki ya wazee watano wenye meno mabovu.

Kesho yake akajaribu kumpelekea mjane Borghild, mmoja wetu wale watano, samaki aliyekwisha kupasuliwa kichwa. Borghild akamtazama mlangoni.

"Nani mgonjwa hapa? Huyu ni samaki wa hospitali. Mrudishe alikotoka."

"Shangazi, ni kwa ajili ya sayansi."

"Basi sayansi imle."

Mlango ukafungwa.

Oddlaug akapiga simu Tromsø, akaeleza, akakubaliwa. Kuanzia hapo samaki wa chungu walipimwa botini wakiwa wazima, kila mmoja akaja na bahasha yenye namba. Sisi tulikula, tukatafuta mawe kwenye kichwa, tukayafuta, tukayatia kwenye bahasha. Mawe sitini au karibu na hapo yalitosha, walisema. Ghafla tukawa watafiti. Borghild, yule yule wa mlangoni, akawa anatupigia simu kila Ijumaa jioni kuuliza jiwe la nani ni kubwa, na lake siku zote lilikuwa kubwa.

Hapo nikafanya upumbavu. Nilikuwa na kopo la tumbaku, na ndani yake jiwe la chewa niliyemvua na baba mwaka 1961, samaki wa mita moja na nusu, mkubwa kuliko wote nilioona maishani. Bahasha namba kumi na saba ilipokuja, nikayatupa mawe ya samaki yule, nikaliweka la kopo. Nilijiambia namsaidia msichana. Ukweli, nilitaka kumnyamazisha Borghild.

Mwishoni mwa Machi mtafiti mwenyewe akashuka kwenye boti ya abiria, binti mmoja anayeitwa Sunniva, buti zake bado mpya. Oddlaug akamleta jikoni kwangu.

"Namba kumi na saba," Sunniva akasema. "Samaki ana sentimita tisini na mbili, lakini jiwe ni la samaki wa mita na nusu. Tena la manjano. Tena linanuka tumbaku."

Oddlaug alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile tangu mke wangu afariki.

"We mzee! Umefanya nini?"

"Nilikuwa nakusaidia."

"Kama moja ni la uongo," Sunniva akasema, "siwezi kuyaapia mengine. Nitalazimika kuyaacha yote, na ghuba itafungwa."

Nikaona ghorofa ya sita. Nikavaa kofia.

"Njooni nje."

Zamani gari la takataka lilikuja kila wiki. Sasa wanatukumbuka mara moja kwa msimu. Kwa hiyo pipa langu lilikuwa limeganda tangu Januari, tabaka juu ya tabaka, na mifupa ya kila Ijumaa nilikuwa nimeifunga kwenye gazeti la siku hiyo, kwa sababu ya shakwe. Nikachukua shoka. Sunniva akakunja mikono na kuhesabu tunavyoshuka: maganda ya viazi, kahawa, gazeti, maganda, kahawa, gazeti.

"Unakunywa kahawa nyingi sana, babu," alisema tulipofika Februari.

"Hesabu tu."

Gazeti la Ijumaa ya namba kumi na saba lilitoka na tarehe yake. Ndani, kati ya mifupa, yalikuwepo mawe mawili meupe, umbo la haragwe. Sunniva akayapokea kwenye kiganja kama mtu anayepewa komunyo, kisha akaangua kicheko mpaka akakalia theluji.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja, samaki wangu. Mawe yote yakakubaliwa. Jibu lilikuja Mei: wazazi wakubwa wapo, ila si wengi. Ghuba haitafungwa, boti ndogo zitaendelea, kwa kiwango kilichopunguzwa kwa moja ya tano. Oddlaug alilalamika wiki nzima, huku akipaka boti yake rangi.

Jiwe la kopo nilimruhusu Sunniva alikate. Miduara kumi na saba. Samaki yule alianguliwa mwaka 1944, mwaka niliozaliwa mimi, mwaka ambao Wajerumani walichoma kila nyumba ya pwani hii na kutuswaga kusini. Hapakubaki mtu wa kutupa ndoano, na yeye akanenepa. Tulikuwa rika, mimi na yeye, na nilimla.

Januari iliyofuata, Ijumaa ya kwanza, Oddlaug akaingia na samaki na bahasha.

"Umechelewa," nikamwambia.

Hakuondoka. Alivuta kiti, akaketi mbele yangu, akakinga mkono chini ya kidevu changu.

"Kula, mzee. Ukimaliza, tema hapa."