Dizeli ya Agosti

Mume wangu alikuwa na ulimi mbaya hata kabla figo zake hazijafa, kwa hiyo nisisingizie ugonjwa. Ugonjwa ulimkalisha kitini tu, akapata nafasi ya kunitazama kutwa nzima na kuniambia anachokiona.

Tunaishi nje kidogo ya Maple Grove, karibu na Minneapolis, kwenye nyumba aliyoitaka yeye. Mimi nilitaka ile ya Oakdale, karibu na kazini kwangu, yenye njia fupi ambayo mtu unaisafisha theluji kwa koleo na chai bado haijapoa. Yeye alitaka uwanja, miti, na njia ndefu inayoshuka kilima hadi barabarani, akanunua na trekta dogo la dizeli la kuihudumia. Miaka yote lilikuwa lake. Hata kulikalia sikuruhusiwa, eti nina papara. Kisha figo zikagoma, ikawa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anapelekwa kusafishwa damu, na wa kumpeleka ni mimi. Njia ikifungwa na theluji, hatoki. Asipotoka, maji yanamjaa mpaka kwenye mapafu. Kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa, nimeona watu wakizama hivyo kitandani huku madirisha yamefungwa na nje ni kukavu. Kwa hiyo vuli ile nilipolichukua sanduku lake la spana, sikulichukua kwa kupenda matrekta.

Alitaka awepo. Nikamwekea kiti mlangoni mwa gereji, nikamfunika blanketi, naye akaanza. Sijafungua hata boliti moja, akaniuliza kama nimeshika spana au mwiko. Nikamwambia huo mwiko ndio uliomnenepesha. Akasema kunenepa ni kabla hajanijua vizuri. Ndivyo tulivyoishi, na watu waliotutembelea walidhani tunataniana.

Nitakuwa mwongo nikisema hakunifundisha. Alinifanya nitoe ile mashine ya kukatia nyasi chini ya tumbo la trekta na kufunga mbele ile ya kurusha theluji, kazi ya watu wawili, mimi nikaifanya peke yangu nikiwa nimelala chali juu ya saruji. Alinifanya niwashe injini ipate joto kwanza ndipo nimwage oili, kwa sababu oili baridi huacha uchafu chini, kisha nikatia nyingine nyepesi ya msimu wa baridi. Nikapima maji ya rejeta kama yana dawa ya kutosha yasigande. Nikasugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Nikapaka grisi kila kiungo, na kila nilichokiruka alikiona kwa mbali, wakati kusoma gazeti hawezi bila miwani. Nikavalisha magurudumu minyororo, nikaivalisha kinyume, akaniacha nimalize yote ndipo akasema nimeivalisha kinyume.

"Ungeniambia mapema," nikamwambia.

"Ningekunyima somo."

Nikamwambia kutwa nzima nasafisha watu haja zao, na hakuna hata mmoja anayenuka kama mdomo wake. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikamshika kifua, maana ndiye mume niliyenaye.

Sasa mafuta. Gereji ilikuwa na madumu mawili ya dizeli aliyoinunua mwenyewe mwezi wa Agosti, kwa ajili ya nyasi. Muuzaji wa duka la matrekta, siku niliyokwenda kununua machujio, aliniambia dizeli ya kiangazi nisithubutu kuitumia kwenye baridi. Ama ninunue ile ya msimu wa baridi, ama niichanganye hiyo na mafuta ya taa. Nikanunua dumu la mafuta ya taa, nikaja nalo, nikaliweka chini karibu na kiti chake.

Aliligusa lile dumu kwa ncha ya kiatu. Akaniuliza ni la nini, nikamweleza. Hakupaza sauti, na alipokuwa hapazi sauti ndipo mimi nilipokuwa namwogopa.

"Unataka kuchakachua," alisema. "Ndani ya gereji yangu."

Inabidi nieleze hapa. Nyumbani Tanzania, kabla hatujaja huku, kazi yake ilikuwa kupima mafuta kwenye malori ya matangi, kuangalia kama kuna aliyechanganya dizeli na mafuta ya taa ili ajipatie faida. Huo ndio uchakachuaji, na uliua injini za watu wengi. Siku moja bosi wake alimtaka apitishe lori lililochakachuliwa. Akakataa. Akafukuzwa kazi, akatukanwa, na wale wale aliowatetea wakamwita mjinga. Ndipo akatafuta chuo Minneapolis, tukahama. Habari hiyo nimeisikia kwenye kila harusi na kila msiba wa Watanzania wa huku, na sijawahi kuichoka. Mambo mengine yake yote nilikuwa nabishana nayo. Hilo nililiheshimu.

Akasema dizeli ni dizeli. Akasema wenye maduka wanauza hofu, na kwamba hajapoteza kazi kwa ajili ya mafuta safi ili mkewe aje amharibie injini uzeeni. Kwenye mafuta sikuwahi kumkamata na kosa hata moja. Nikajaza tangi dizeli ya Agosti, nikalisukuma lile dumu la mafuta ya taa nyuma ya rafu.

Theluji za mwanzo zilikuwa za kuchezea. Trekta lilikwenda vizuri, nikarusha theluji pembeni nikiwa nimekaa juu kama mwenye shamba, nikarudi ndani najisikia mtu. Yeye alikuwa dirishani. Akasema nimeinyoa njia kama fundi mlevi. Siku hiyo sikujali, nilikuwa na furaha.

Januari ikaja na ile baridi inayokukata puani ukifungua mlango. Theluji ilianguka kuanzia Jumapili hadi usiku wa Jumatatu, na kutoka Jumamosi hadi Jumanne ndiyo nafasi ndefu zaidi kati ya usafishaji mmoja na mwingine. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vimeshajaa. Nilikuwa nimechomeka hita ya injini kwenye umeme, kwa hiyo asubuhi trekta liliwaka mara moja. Nikaanza kushuka. Katikati ya kilima likakohoa, likapunguza nguvu, likazima. Nikawasha, likazima tena, na safari ya tatu halikujibu kabisa. Mbele yangu theluji ilikuwa imefika kiunoni.

Nikarudi ndani kumwambia ajiandae hivyo hivyo, nitapata njia. Nikamkuta na nguo za kulalia, anakunywa chai taratibu. Mkoba wake wa hospitali, ambao huupanga mwenyewe usiku na hapendi niuguse, ulikuwa mtupu mlangoni. Nikapita. Nikampigia mtu wa kukodi mwenye gari la kusukuma theluji, akasema labda jioni. Nikarudi kilimani, vidole havisikii kitu, nikafungua chujio la dizeli. Lilikuwa limejaa kitu cheupe, kizito, mfano wa samli iliyoganda. Nikalibeba mpaka ndani, nikaliweka mezani mbele yake nimwaibishe.

"Tazama mafuta yako," nikasema.

Akalishika, akalinusa. Na hapo hakuweza kujizuia, maana kufundisha ni ugonjwa wake mwingine. Akaniambia hiyo ni nta. Kila dizeli inayo, ila ya kiangazi huachiwa nyingi. Baridi ikizidi, nta inajikusanya, inaziba chujio, injini inatembelea kile kidogo kilichobaki kwenye mabomba, kisha inakufa kwa njaa. Aliongea vizuri, kama zamani, na kidole chake kikinionyesha mikunjo ya chujio.

"Kumbe trekta lilifika katikati ya kilima," akamalizia. "Nilidhani halitavuka mlango wa gereji."

Nikavuta kiti nikakaa. Nilikuwa bado nimevaa buti, theluji inayeyuka kwenye zulia.

"Ulijua," nikasema.

"Mafuta ndiyo kazi yangu, mama. Nitaachaje kujua?"

Nikamwambia mtu ana haki ya kuacha kusafishwa damu. Nimekaa na familia za watu nikiwaeleza hivyo, kazini kwangu, kwa sauti ya upole ambayo yeye hajawahi kuisikia. Unawaambia manesi kwamba basi, wanaacha, wanakupa dawa ya maumivu, na hakuna anayekulazimisha. Ni sentensi moja tu. Kwa nini anizungushe tangu vuli, anilaze chali kwenye saruji, anifundishe kila boliti?

"Nikisema mimi, nitakuwa nimejiua," alijibu. "Kanisani watasema hivyo. Binti yetu atasema hivyo, tena kwa Kiingereza. Nilitaka iwe theluji."

"Trekta nililiandaa mimi," nikamwambia. "Wasingesema ni theluji. Wangesema ni mimi."

Akalirudisha chujio mezani.  Nikamtazama usoni, nikaona kwamba jambo hilo lilikuwa halijampitia akilini hata kidogo. Alikuwa amewaza baridi, nta, mteremko, na Jumanne. Mimi hakuniwaza popote. Ingekuwa heri angekusudia kunikomoa, ningekasirika yakaisha. Nililia pale pale mbele yake, nikachukia kwamba ananiona.

Kisha nikamvua blanketi magotini, nikaenda nalo kufunika injini.

Nilivuta waya mrefu wa umeme mpaka kilimani, nikaweka hita chini ya tangi. Nikafunga chujio jipya. Nikamimina mafuta ya taa bila kupima. Saa sita ilipita, saa saba ikapita, ndipo likawaka, na moshi mweusi ukanipiga usoni. Nikaifungua njia hadi barabarani. Nikarudi kumvalisha. Hakunisaidia kuingiza mkono kwenye koti, hakuinua mguu nimvalishe soksi. Aliniangalia kwa chuki ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu yeyote, na nikamfunga kamba za viatu.

Kule kliniki alitupokea nesi Mkenya, binti mchangamfu ambaye mume wangu anampenda kwa sababu humwita Mzee.

"Mathe, leo mmelate sana," aliniambia akimfunga mume wangu kipimo cha presha. "Na huyu Mzee amebeba maji mob, mengi kabisa. Mngekuja kesho, ingekuwa story ingine." Kisha akamwinamia. "Mzee, uko sawa? Kuna kitu ungetaka kutuambia leo?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pake na koti lake mkononi. Nikangoja. Angeisema ile sentensi moja, ningetia saini chochote, ningemrudisha nyumbani na kukaa naye mpaka mwisho. Nilimwomba Mungu aiseme, na nilimwomba asiiseme.

Akamtazama yule binti, akanitazama mimi.

"Mke wangu hajui kuandaa trekta," alisema. "Ndiyo maana tumechelewa."

Nesi akacheka, akanipapasa bega, akasema mwaka ujao nitafute mtu anayejua hizo vitu. Nikamjibu kwamba nitatafuta.